Kulehemu Paipu za Shaba Nyumbani: Moto kwa Fitingi, Lehemu Isiyo na Risasi

Maji yanapodondoka nyuma ya ukuta wa bafu, mwenye nyumba kwa kawaida hugundua akiwa amechelewa. Rangi imevimba, mbao za dari zimeanza kuoza, na bili ya maji imepanda bila sababu inayoonekana. Katika nyumba za zamani za mijini, na katika nyumba zilizowekewa mitambo ya kupasha maji kwa jua, mara nyingi tone hilo hutoka kwenye kiungo cha paipu ya shaba nyekundu. Fundi huitwa, huwasha moto dakika chache, huyeyusha uzi wa madini unaong'aa, hupokea pesa zake na kwenda. Mwenye nyumba aliyesimama pembeni akitazama hubaki na wazo kwamba kazi yenyewe ni kuyeyusha madini tu, na kwamba siku nyingine ataifanya mwenyewe.

Anaweza kweli. Kulehemu paipu ya shaba ni kati ya kazi za ufundi ambazo mtu mwenye subira hujifunza kwa siku mbili tatu na vipande vichache vya paipu. Lakini yako mambo mawili ambayo hayaonekani kwa kutazama tu. La kwanza ni kwamba moto hauelekezwi kwenye lehemu, bali kwenye kiungo chenyewe. La pili ni kwamba lehemu itakayogusa maji ya kunywa haipaswi kuwa na madini ya risasi. Anayekosea la kwanza ataona maji yakivuja na atarudia kazi. Anayekosea la pili hataona chochote. Kiungo chake kinaweza kukaa miaka mingi bila kutoa hata tone, huku familia ikinywa maji yaliyopitia kwenye sumu.

Kinachotokea ndani ya kiungo

Kulehemu si sawa na kuchomelea kama wanavyofanya mafundi wa mageti na madirisha. Katika kuchomelea, vyuma viwili huyeyuka na kuwa kimoja. Katika kulehemu, shaba haiyeyuki hata kidogo. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085 za selsiasi, na kichomeo kidogo cha gesi hakiwezi kuipasha paipu hadi kiwango hicho. Kinachoyeyuka ni lehemu, ambayo sehemu yake kubwa ni madini ya bati, na bati huyeyuka kwenye nyuzijoto 232. Lehemu iliyoyeyuka hupita katika nafasi nyembamba iliyo kati ya paipu na fitingi, hushika ngozi ya shaba pande zote mbili, kisha huganda.

Nafasi hiyo ni nyembamba sana, karibu na unene wa karatasi ya kuandikia. Wembamba huo ndio unaofanya kazi. Mafuta ya taa hupanda kwenye utambi wa koroboi bila kusukumwa na mtu. Chai hupanda kwenye andazi lililochovywa ncha tu. Vivyo hivyo lehemu huvutwa ndani ya kiungo, hata kiungo kikiwa kimetazama juu, ilimradi shaba iwe safi na iwe na joto la kutosha. Paipu ikiingia kwenye fitingi kwa kulegea na kuyumba, mvuto huo hupungua na lehemu hudondoka sakafuni. Shaba ikiwa chafu, lehemu hujikunja vitone vitone kama maji juu ya jani la nduma.

Kwa hiyo anayelehemu hamimini lehemu mahali anapotaka ikae. Anaandaa njia, anaipasha njia hiyo joto, na lehemu huifuata yenyewe. Huelekea penye joto zaidi. Ukweli huo mmoja ukieleweka, nusu ya makosa ya wanaoanza huisha.

Kusoma maandishi ya lehemu kabla ya kulipa

Warumi walitengeneza mabomba ya maji kwa madini ya risasi, na neno la Kiingereza la fundi wa mabomba, plumber, limetoka kwenye jina la Kilatini la madini hayo, plumbum. Hata baada ya shaba kuchukua nafasi ya risasi katika mabomba ya nyumbani, risasi ilibaki kwenye viungo. Kwa miaka mingi lehemu ya mafundi ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, kwa kuwa ni rahisi kuyeyusha na husamehe makosa. Marekani ilipiga marufuku lehemu ya aina hiyo kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, na Uingereza ikafuata mwaka 1987. Nyumba iliyojengwa kabla ya miaka hiyo na yenye paipu za shaba inaweza kuwa na viungo vya risasi, hata hapa kwetu.

Lehemu ya risasi bado inauzwa kihalali, kwa sababu mafundi wa redio, televisheni na simu huitumia kwenye nyaya na bodi za umeme. Hapo ndipo hatari ilipo. Mkazi anayetafuta lehemu ya haraka huenda kwenye duka la vifaa vya umeme lililo karibu, hupewa uzi unaong'aa vizuri, na bei yake humfurahisha. Kwenye karatasi iliyozungushiwa uzi huo pameandikwa 60/40. Maana yake ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Uzi huo haufai hata kidogo kwa paipu ya maji ya kunywa au ya kupikia.

Ni rahisi kuutambua. Kwenye maandishi ya lehemu, herufi Sn ni bati, Cu ni shaba, Ag ni fedha, Sb ni antimoni, na Pb ni risasi. Lehemu iliyoandikwa Sn97Cu3, kwa mfano, ina bati asilimia 97 na shaba asilimia 3, na haina risasi. Anayeona Pb popote aurudishe uzi. Uzi usio na maandishi yoyote, uliokatwa na kuuzwa kwa kupimwa, uachwe dukani, hata muuzaji akiapa. Mkazi hana njia ya kujua kilichomo ndani yake kwa kuutazama.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na watoto walio tumboni, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Mtoto hupoteza uwezo wa kujifunza na kutulia, na madhara hayo hayarudi nyuma. Wazazi wengi hudhani kuchemsha maji kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi haiondoki kwa kuchemshwa. Maji yakipungua kwenye sufuria, risasi iliyobaki huwa nyingi zaidi katika kila kikombe.

Maji ya mvua, ambayo familia nyingi huvuna kutoka paa la mabati na kuhifadhi kwenye tangi, ni maji laini, na maji laini yenye asidi kidogo huila risasi haraka kuliko maji magumu ya kisima. Maji ya moto huila zaidi ya maji baridi. Maji yaliyolala kwenye paipu usiku kucha hubeba zaidi ya yale yanayopita. Kwa hiyo katika nyumba ya zamani ambayo viungo vyake vina shaka, maji ya kunywa na ya kupikia yachotwe kwenye mfereji wa maji baridi, na asubuhi mfereji uachwe utiririke kwanza. Maji hayo ya kwanza yakingwe kwa ndoo na kutumiwa kusafishia choo au kuoshea sakafu, yasipotee bure.

Vifaa

Orodha si ndefu. Paipu ya shaba na fitingi zake, yaani elbo, tii na soketi. Kikatio cha paipu cha kuzungusha, au msumeno wa chuma wenye meno madogo. Msasa mwembamba. Brashi ndogo ya duara ya kusafishia ndani ya fitingi. Flaksi, ambayo ni dawa ya kupaka kwenye kiungo, na brashi yake. Lehemu isiyo na risasi. Kichomeo cha gesi. Miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi, kitambaa cha pamba, ndoo ya maji, na kizima moto.

Flaksi inunuliwe ya mabomba. Ile ya mafundi wa simu ina nguvu ndogo mno kwa paipu. Paipu nazo zinahitaji uangalifu wa vipimo. Paipu za sasa huuzwa kwa milimita, na zinazotumika zaidi nyumbani ni 15 na 22, wakati nyumba za zamani huenda zina paipu za inchi. Zinakaribiana kwa macho lakini baadhi hazikubaliani, na kiungo kinacholegea hakilehemiki. Mkazi mwenye busara huenda dukani akiwa na kipande cha paipu aliyoikata mwenyewe na hujaribu fitingi hapo hapo.

Mazoezi ya mezani

Kiungo cha kwanza kisilehemiwe ukutani. Kilehemiwe nje, juu ya tofali au bamba la chuma, mahali pasipo na nyasi kavu wala upepo mkali. Mita moja ya paipu ya milimita 15 na soketi tano zinatosha kwa somo zima, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kubomoa ukuta mara ya pili.

Paipu hukatwa kwa kuzungusha kikatio polepole na kukaza kidogo kila mzunguko. Anayekaza kwa pupa huibonyeza paipu, na paipu iliyobonyea haiingii sawasawa. Ndani ya ncha iliyokatwa hubaki ukingo mkali. Ukingo huo uondolewe kwa tupa, la sivyo maji yatapita kwa kuzungukazunguka na kuila paipu mahali hapo mwaka baada ya mwaka.

Kisha usafi. Nje ya paipu husuguliwa kwa msasa hadi shaba ing'ae kama sarafu mpya, sehemu yote itakayoingia kwenye fitingi na kidogo zaidi. Ndani ya fitingi husuguliwa kwa brashi ya duara, hata fitingi ikiwa imetoka dukani leo. Shaba iliyokaa hewani hujifunika utando usioonekana vizuri kwa macho, na lehemu haishiki utando. Baada ya kusugua, vidole visiguse tena mahali hapo. Mafuta ya ngozi peke yake yanatosha kuharibu kiungo.

Flaksi hupakwa mara moja, nyembamba, kwa brashi, nje ya ncha ya paipu. Kazi yake ni kula utando mpya unaojitokeza shaba inapopashwa moto. Wanaoanza hupaka nyingi kama siagi kwenye mkate, wakidhani zaidi ni bora. Flaksi iliyozidi huingia ndani ya paipu, hukaa hapo na kuila shaba kwa miezi, na tundu dogo hutokea sentimita chache kutoka kwenye kiungo ambacho chenyewe ni kizima. Paipu husukumwa ndani ya fitingi hadi mwisho, huzungushwa kidogo ili flaksi ienee, na iliyotokeza nje hufutwa kwa kitambaa. Kiungo kilichopakwa flaksi kilehemiwe siku hiyo hiyo.

Moto

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwanafunzi hushika moto mkono mmoja na lehemu mkono wa pili, huvikutanisha, lehemu huyeyuka na kudondokea kwenye kiungo, naye hufurahi kwamba kazi imekwisha. Lehemu hiyo imekaa juu ya shaba baridi kama nta ya mshumaa iliyodondokea sahani. Haikuingia ndani. Ikikwanguliwa kwa ukucha inaweza kubanduka, na maji yakifunguliwa yatatoka.

Inavyotakiwa, moto huanza peke yake. Ncha ya mwali wa buluu wa ndani ndiyo yenye joto zaidi, na huelekezwa kwenye fitingi, si kwenye paipu pekee. Fitingi ni nene zaidi, hivyo huchelewa kupata joto. Kichomeo husogezwa polepole huku na huku ili pande zote zipate. Flaksi itayeyuka, itatoa moshi kidogo, kisha itatokota. Baada ya hapo lehemu huguswa kwenye mdomo wa kiungo, upande ulio mkabala na moto. Isipoyeyuka, huondolewa na moto huendelea. Ikiyeyuka kwa kugusa shaba tu, bila kuguswa na mwali, joto limetosha. Moto husogezwa kando kidogo au huondolewa, na lehemu husukumwa kidogo kidogo hadi mstari wa fedha uonekane ukizunguka mdomo wote.

Lehemu huguswa upande wa pili kwa sababu ya lile jambo la mwanzo, kwamba huelekea penye joto. Ikiyeyuka upande wa mbali, maana yake kiungo chote kimepata joto, na moto uliopo nyuma utaivuta izunguke. Huo ndio mtihani na ndiyo kazi yenyewe, vyote kwa pamoja. Muda si kipimo kizuri. Kiungo cha milimita 15 kinaweza kuwa tayari kabla ya dakika moja, lakini upepo, ukubwa wa kichomeo na urefu wa paipu hubadilisha hesabu hiyo.

Kiasi cha lehemu ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Kwa uzi wa unene wa kama milimita tatu, urefu unaokaribia kipenyo cha paipu unatosha: sentimita moja na nusu kwa paipu ya milimita 15. Uzi mwembamba utahitaji urefu zaidi. Inayozidi huingia ndani na kuziba njia ya maji.

Moto ukizidi, flaksi huungua na kuwa nyeusi, shaba hubadilika rangi, na lehemu hukataa kushika. Kuongeza lehemu hakusaidii. Kiungo kiachwe kipoe, kitenganishwe, kisafishwe kwa msasa hadi king'ae, kipakwe flaksi upya. Na kikishalehemiwa vizuri, kisiguswe wala kumwagiwa maji mpaka lehemu iwe imeganda na kupoteza mng'ao wake wa kimiminika. Kiungo kinachotikiswa kikiganda hupata nyufa ndogo ndani. Kikiganda, flaksi iliyobaki nje hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Baada ya viungo vitano vya mazoezi, visipimwe kwa macho tu. Vipasuliwe kwa msumeno kwa urefu, kama mtu anavyopasua muwa, na paipu itenganishwe na soketi. Ikiwa rangi ya fedha imeenea sehemu yote ya ndani, mwanafunzi yuko tayari kwa ukuta. Ikiwa iko mdomoni tu, lehemu haikupata njia, na sababu ni joto au uchafu. Zoezi hili la kupasua hufundisha zaidi ya maelezo yoyote, na inashangaza kwamba wengi hulikwepa ili kuokoa soketi tano.

Maji yaliyobaki ndani ya paipu

Paipu ya mezani ni kavu. Ya ukutani siyo. Mkazi hufunga koki ya tangi, hufungua mifereji ya chini maji yaishe, hukata sehemu iliyoharibika, huwasha moto, na lehemu haiyeyuki hata baada ya dakika tano. Tatizo si gesi. Matone machache yaliyobaki ndani yanafyonza joto lote, na maadamu yapo, shaba haiwezi kupita sana nyuzijoto 100, wakati lehemu inahitaji zaidi ya 220. Mvuke wake nao hutoboa lehemu laini na kuacha tundu.

Paipu ikaushwe kabisa. Kuna ujanja wa zamani wa mafundi kwa koki isiyofunga vizuri: kipande cha mkate mweupe usio na ganda husukumwa ndani ya paipu, mbali kidogo na kiungo, ili kinyonye matone wakati wa kulehemu. Maji yakirudishwa, mkate huyeyuka na kutoka kwenye mfereji, ambao chujio lake liwe limefunguliwa kwanza. Ujanja huu hufaa kwa matone, haufai kwa maji yanayotiririka.

Koki na valvu zilizo karibu zifunguliwe na mpira wa ndani utolewe kabla ya moto, kwa maana mpira hauvumilii joto hilo. Na ncha moja ya paipu iachwe wazi wakati wote. Hewa iliyofungiwa ikipata joto husukuma lehemu nje.

Moto na dari

Dari nyingi ni za mbao, na vumbi la miaka limelala juu yake. Kichomeo kikielekezwa kwenye kiungo, mwali hupita pembeni na kugonga kilicho nyuma. Fundi mzoefu hulehemu sehemu nyingi nje, mezani, kisha hubaki na kiungo kimoja au viwili tu vya ndani. Nyuma ya viungo hivyo huwekwa kitambaa maalumu kisichoshika moto au bamba la chuma. Mbao hulowanishwa kwa maji. Ndoo na kizima moto hukaa mahali mkono unapofika, na watoto hutolewa chumbani.

Mbao zinaweza kufuka ndani bila mwali kwa muda mrefu kabla ya kuwaka. Kwa hiyo anayelehemu asifunge dari na kuondoka. Abaki karibu angalau saa moja, akirudi kunusa na kugusa mbao kwa nyuma ya mkono. Kazi ya moto isianzwe jioni wakati watu wanaelekea kulala. Moto ukitokea na kuzidi ndoo, watu watoke nje na simu ya dharura ipigwe, 999 au 112.

Kufungulia maji

Maji hayafunguliwi kwa nguvu. Kiungo kikiwa kimepoa kabisa, mifereji yote huachwa wazi, koki ya tangi hufunguliwa robo, na hewa hutoka kwa kukohoa. Mifereji hufungwa mmoja mmoja, kisha kiungo hufutwa na kuzungushiwa karatasi ya chooni iliyo kavu. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Iachwe hapo saa kadhaa, na vizuri zaidi usiku mzima, kabla ya kuziba ukuta kwa saruji. Tangi lililo juu mita kumi hutoa mgandamizo wa takriban baa moja tu, kwa hiyo kiungo kilichotulia chini ya tangi kinaweza kuvuja kikiunganishwa na pampu. Anayetumia pampu ajaribu na pampu ikiwa imewashwa.

Mfereji kisha hutiririshwa dakika kadhaa ili kuondoa flaksi na vumbi la shaba, kabla mtu yeyote hajakinga maji ya kunywa.

Kiungo kikivuja, hakizibwi kwa kupaka lehemu juu, wala kwa gundi, wala kwa kipande cha mpira wa tyubu. Maji yafungwe, paipu ikaushwe, kiungo kitenganishwe kwa moto na kurudiwa tangu kwenye msasa. Inakera, lakini hakuna njia ya mkato inayodumu.

Ambapo kichomeo kiwekwe chini

Baadhi ya kazi hazifai kwa lehemu laini. Paipu ya gesi ya kupikia haihusiki kabisa na somo hili, na iachiwe fundi mwenye kibali. Paipu iliyo karibu na mirija ya kioo ya mtambo wa jua nayo ni tofauti: mtambo ukikosa maji juani, joto la ndani linaweza kupita nyuzijoto 200, na lehemu ya bati hulegea. Mahali hapo hutumiwa fitingi za kukaza kwa spana, au lehemu ngumu inayohitaji moto mkubwa na mkono wa fundi. Paipu ya shaba isiunganishwe moja kwa moja na paipu ya chuma iliyopakwa zinki, kwani madini hayo mawili yakikutana ndani ya maji, chuma huliwa haraka. Katikati yake huwekwa fitingi ya shaba ya njano. Na sehemu iliyo kabla ya mita, upande wa barabarani, ni mali ya kampuni ya maji. Mkazi haruhusiwi kuikata.

Nyumba mpya nyingi zina paipu za plastiki aina ya PPR, ambazo huunganishwa kwa mashine ya joto bila lehemu. Mwenye nyumba kama hiyo hana haja ya kununua kichomeo. Na mwenye paipu za shaba anayeogopa moto, au ambaye kiungo chake kiko ndani ya dari kavu, anaweza kutumia fitingi za kukaza kwa spana. Bei yake ni ya juu kidogo, lakini si aibu.

Pa kujifunza

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti, na ufundi wa mabomba ni kati ya masomo yanayofundishwa katika vyuo hivyo. Mkazi anayetaka kushika kichomeo kwa mara ya kwanza mbele ya mwalimu aulize katika chuo kilicho karibu naye kuhusu masomo ya muda mfupi. Anayetaka kuifanya kazi hii kwa malipo anahitaji zaidi ya viungo vitano vya mazoezi. Mitihani ya ufundi inayosimamiwa na NITA ina daraja tatu, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na fundi aliyejifunzia kazini bila kupitia chuo anaruhusiwa pia kuifanya.

Mkazi anayemwita fundi nyumbani naye ana haki ya kuuliza. Kabla kichomeo hakijawashwa, aombe aonyeshwe uzi wa lehemu na maandishi yake. Fundi mzuri hataudhika kwa swali hilo. Pakionekana Pb, kazi isimame hapo, na lehemu nyingine itafutwe.